Mkono wa kuume wa motari

KASAJI, teritware ya Dilolo, jimbo la Lualaba. Hapa mji hauamshwi na jogoo peke yake. Kabla ya saa kumi na mbili asubuhi motari wa kwanza wamekwisha kufika kwenye parkingi, upande wa stesheni ya treni. Kila mmoja anaweka mguu chini, na wakati anangoja mteja anapiga gazi: vuum, vuum, vuum. Mama muuza mandazi anazijua pikipiki hizo kwa sauti. Hainui hata macho.

Kati yao kuna kijana mwenye pikipiki nyekundu, motere ya 125. Jina lake si la lazima hapa. Kasaji ni mji mdogo na watu wanamwita kwa rangi ya pikipiki yake. Wakati habari hii inaanza alikuwa na miaka 23, mke na mtoto mmoja. Pikipiki haikuwa yake. Kila jioni alimpelekea mwenye pikipiki verseme, na kilichobaki ndicho kilinunua unga. Kwenye parkingi ile hakuna aliyempita kwa kupiga gazi. Alipiga akingoja, alipiga akiondoka, alipiga akifika mlangoni kwa mteja ili majirani wajue nani amefika. Yeye mwenyewe aliita hiyo ufundi.

Ilihitaji anguko moja, na miezi mingi baada yake, ndipo ajue kwamba tendo lile lile la mkono, likifanywa mahali pake, lina kazi nyingine kabisa.

Anayeishi mbali anaweza kuuliza kwa nini pikipiki iwe habari kubwa hivyo. Ajue hali ya huku. Kutoka Kolwezi mpaka Kasaji ni zaidi ya kilometa 200, ukipita Kanzenze na Mutshatsha. Ukiendelea mbele unafika Dilolo, kwenye mpaka wa Angola. Ukigeuka kaskazini unashika njia ya Sandoa, na kutoka huko mpaka Kapanga. Reli ipo. Tangu mwaka 1931 inaunganisha Katanga na bandari ya Lobito, kwenye bahari ya Atlantiki. Vita vya Angola viliikata kuanzia 1975, na upande wa Angola ulifunguliwa tena mpaka Luau, ng'ambo ya Dilolo, mwaka 2015. Siku hizi wakubwa wote wanazungumza juu ya njia ya Lobito. Ni habari njema. Lakini hiyo ni njia ya shaba na kobalti. Mgonjwa, mwalimu anayefuata mshahara, mama mwenye gunia la mihogo, hao njia yao ni pikipiki.

Na chini ya pikipiki kuna mchanga. Wakati wa kipwa njia zinakuwa kama unga uliomwagwa. Gurudumu linazama, usukani unacheza wenyewe. Mvua zikianza, maji yanachimba mifereji katikati ya njia, na kilichokuwa mchanga jana leo ni matope. Gudro ni jambo la Kolwezi.

Pikipiki ndizo pia zinazobeba waliohama. Mwaka 2017, vita vya Kamuina Nsapu vilipowaka Kasai, familia nyingi ziliacha vijiji vyao. Nyingine ziliingia Angola, nyingine zilishuka kusini mpaka Lualaba. Walikuja kwa miguu, kwa kinga, kwa pikipiki wakikaa watatu nyuma ya motari mmoja. Wengine walirudi kwao. Wengine walipata kipande cha shamba, wakapanda mihogo, wakabaki.

Mama aliyeanguka na kijana wa pikipiki nyekundu alikuwa mmoja wa waliobaki. Familia yake ilikaa kwanza upande wa Sandoa, kisha ikasogea mpaka kwenye kijiji kimoja, kilometa 12 hivi kabla ya Kasaji. Siku ile, mwisho wa kipwa, alikuwa anakwenda sokoni. Mgongoni alibeba mtoto wa miezi saba. Nyuma ya kiti walifunga nusu gunia la unga wa mihogo, ule wa kuuza.

Alipopanda alisema neno moja tu: "Mwana, polepole. Nina mtoto."

"Usiogope, Mama," kijana alijibu, akapiga gazi mara tatu, wakaondoka.

Katikati ya njia ile kuna mteremko mrefu wa mchanga, unashuka mpaka kwenye kijito chenye daraja la miti. Kijana aliuingia akiwa kwenye vitesi ya nne, mbio. Chini, karibu na daraja, aliona mtu anasukuma kinga iliyojaa mifuko ya makala, njia yote imezibwa. Akafunga gazi kwa mara moja. Akakanyaga vitesi mara mbili, mara tatu, mpaka ya kwanza. Akaachilia ambreyaje yote pamoja.

Gurudumu la nyuma lilikwama kama limeshikwa na mtu. Pikipiki ilikwenda upande, ikalala. Mama alianguka kwa mkono wa kushoto, akakunja mgongo juu ili mtoto asiguse chini. Mtoto alilia tu. Mkono wa Mama ulivunjika karibu na kiganja. Unga ulimwagika kwenye mchanga, na mtu hawezi kuuchota unga kutoka kwenye mchanga. Mwenye makala aliangusha kinga yake akaja kusaidia. Hakuna aliyekuwa amevaa kofia ya pikipiki, hata mmoja. Kama ni kichwa kilichotangulia badala ya mkono, habari hii ingekuwa nyingine.

Kule hospitali walimfunga plasta. Kijana aliuza simu yake akalipa alichoweza. Mume wa Mama alikuja, akamsikiliza, hakupiga kelele. Wala Mama. Alimwangalia tu kijana na kusema: "Nilikuambia nina mtoto."

Wiki zilipita. Siku ya kurudi hospitali kuangaliwa mkono, kijana alitoka mapema akaenda kumngojea njiani, amchukue bure. Akamwona anakuja, mkono umefungwa kwa kitenge shingoni, shemeji yake amebeba mtoto. Alishuka kwenye pikipiki akamsalimia. Mama alimjibu vizuri, akauliza habari ya mke wake, akashukuru, akapita. Walitembea kwa miguu kilometa zote zile, kwenda na kurudi. Kijana alibaki kando ya njia, pikipiki imezimwa.

Kwenye parkingi wenzake walimpa moyo. "Ni mchanga," walisema. "Mchanga hauna rafiki." Na yeye aliposukuma pikipiki mpaka kwa fundi, usukani umepinda na kikanyagio kimevunjika, alisema vile vile: ni mchanga.

Fundi huyu ni mzee wa Kasaji. Anafanya kazi chini ya mwembe, na watu wote wanamwita Papa Fundi. Alisikiliza habari mpaka mwisho, kisha akauliza: "Ulikuwa kwenye vitesi gani?"

"Ya kwanza, Papa."

"Na kabla yake?"

"Ya nne."

Mzee hakusema neno. Alisimamisha pikipiki kwenye stendi yake ya katikati, gurudumu la nyuma likaning'inia hewani, akawasha. Aliingiza mpaka vitesi ya nne, gurudumu likazunguka. Akashika ambreyaje, akashusha mpaka ya pili, motere ikiwa imetulia, akaachilia ghafla. Pikipiki nzima iliruka juu ya stendi kama mbuzi aliyepigwa. Akarudia mwanzo: ya nne, ambreyaje, na safari hii, kabla ya kuachilia, akagusa gazi kidogo, mara moja, vum. Akashusha, akaachilia. Pikipiki haikutikisika. Sauti tu ilibadilika.

"Umesikia?" aliuliza. "Hiyo ndiyo kazi ya gazi unayoipiga bure kila asubuhi."

Maelezo yake yalikuwa ya mtu aliyekulia kando ya reli. Alisema: mtu anayedandia treni inayotembea hasimami akashika mlango, utamvunja bega. Anakimbia kwanza pembeni, mpaka mbio zake zifanane na mbio za treni, ndipo anashika, na anapanda bila kuumia. Gurudumu la pikipiki ndiyo treni. Motere ndiyo mtu anayetaka kupanda. Kwa mwendo ule ule, vitesi ya chini inataka motere izunguke zaidi. Kama kwenye ya nne motere inazunguka mara 4,000 kwa dakika, kwenye ya tatu itatakiwa kuzunguka karibu mara 5,000. Na kadiri unavyoshuka pengo linaongezeka. Kubwa zaidi liko kati ya ya pili na ya kwanza. Ukifunga gazi, motere inapungua. Ukiachilia ambreyaje wakati huo, nani ataikimbiza motere mpaka ifikie hesabu yake? Gurudumu la nyuma. Kwenye gudro utasikia mtikiso, na abiria atakugonga mgongoni. Kwenye mchanga gurudumu halina nguvu ya kazi hiyo. Linakwama, linateleza, mnaanguka.

Kugusa gazi wakati ambreyaje imeshikwa ni kuikimbiza motere kabla haijashika mlango. Kugusa, si kupiga. Mzee alionyesha kwa kidole: mkono unageuka kidogo na kurudi, wakati mmoja na mguu unaoshusha vitesi. Ukisikia motere inalia, umezidisha. Basi pikipiki itasukuma mbele badala ya kuvuta nyuma, na hilo nalo ni kosa. Na ni vitesi moja kwa mara moja. Nne, tatu. Kisha tatu, pili. Anayeruka ngazi tatu gizani asishangae akivunjika.

Kijana alitaka kuondoka pale pale aende kujaribu. Mzee akamwambia akae, maana hilo lilikuwa nusu ya jambo, na nusu ndogo.

"Pale kwenye mteremko," alisema, "hata ungegusa gazi vizuri kama malaika, ulikuwa umechelewa. Vitesi inashushwa juu, kabla ya kuteremka. Pale juu unapunguza kwa freni, taratibu, unashusha mpaka ya pili au ya kwanza, ndipo unaanza kushuka. Motere yenyewe inakushika. Chini huna kazi ya mguu tena, una kazi ya macho."

Kisha alimfundisha kusoma pikipiki yenyewe. Kamba ya gazi ilikuwa imelegea sana: mkono ulizungusha hewa kwanza, halafu motere ikashika kwa ghafla. Aliikaza ibaki na nafasi ya milimita 2 hadi 3 kwenye mshiko, isizidi, na isikosekane, maana kamba iliyokazwa mno inavuta gazi yenyewe usukani ukigeuka. Shene nayo ililegea. Kila ukifunga na kufungua gazi ilikuwa inapiga kama mjeledi. Aliirudisha icheze kama upana wa kidole gumba, juu na chini. Ndani ya gurudumu la nyuma kulikuwa na vipande vya mpira vinavyopokea nguvu ya shene kabla ya kufika kwenye jante. Vilikuwa vimekwisha, vimekuwa kama makombo. Motari wengi hawajui hata kwamba vipo. Kijana alilaumu mkono wake kwa mitikiso ambayo nusu yake ilitoka pale, na wakati huo huo alilaumu mchanga kwa kosa lililotoka mkononi.

Tena mkono wenyewe. Kwenye njia ya mashimo, kila shimo linautikisa mkono, na mkono unaitikisa gazi, na gazi inaitikisa pikipiki; mtu anafikiri ni njia mbaya, kumbe ni mduara. Mzee alimwonyesha kushusha kiwiko, kulegeza mabega, na kuegemeza kidole gumba kwenye kiboksi cha swichi kilicho kando ya mshiko. Kidole kikiegemea pale, mkono unakuwa na nyumba. Shimo linapita na gazi inabaki ilipo.

Halafu alitoa bido. Bido ya kawaida ya lita 20, ya njano, akaijaza maji mpaka nusu, akaifunga kwenye kiti cha abiria bila kizibo.

"Huyu ndiye mteja wako," alisema. "Zunguka kiwanja cha mpira mara kumi, urudi nione amebaki na nini."

Bido iliyojaa haifundishi, maana maji hayana nafasi ya kucheza. Nusu bido inasema yote. Ukiondoka kwa nguvu, maji yanapiga nyuma na kuruka. Ukifunga gazi ghafla, yanapiga mbele na kukulowesha mgongo. Ukishusha vitesi vibaya, yanatoka kama yamepigwa teke. Siku ya kwanza kijana alirudi na suruali iliyolowa mpaka kwenye viatu. Watoto wa kiwanjani walimfuata wakicheka. Bido ilikuwa na maji ya kunawa mikono tu.

Alirudi siku ya pili, na ya tatu, jioni baada ya kupeleka verseme. Aligundua kwamba kosa lake kubwa halikuwa kufungua gazi. Lilikuwa kuifunga. Mkono wake ulijua kufungua kidogo kidogo, lakini ukifunga ulifunga kama mtu anayepiga mlango. Alianza kujifunza kuirudisha gazi taratibu, kuondoka kwa ambreyaje na si kwa kelele, kuangalia mbali ili freni isije kama habari mbaya. Baada ya wiki tatu maji yalipungua kidogo tu. Hakuwahi kurudi na maji yote. Mzee alisema hakuna anayerudi nayo yote.

Jioni moja, wakati motere inapoa, kijana alimuuliza Papa Fundi alijifunza wapi kuendesha hivyo. Mzee alisema hakujifunza kwenye pikipiki. Alijifunza mwaka 1977.

Watu wazima wa Kasaji wanakumbuka. Mwezi wa tatu mwaka ule askari wa FNLC waliingia kutoka Angola, wakachukua Dilolo, Kisenge, Kasaji, mpaka Mutshatsha. Ndivyo ilivyoanza vita ya siku 80. Fundi alikuwa mtoto wa miaka tisa. Familia yake ilikimbilia porini, na nkambo wake hakuweza kutembea. Mjomba alimkalisha kwenye kinga, nyuma, juu ya mto, akamfunga kiunoni kwa kitenge. Mahali pa tambarare alipanda akakanyaga. Mahali pa mteremko alishuka, akamshusha na nkambo, akamshika mkono mpaka chini, kisha akarudi juu kuchukua kinga. Watu nyuma yao walikasirika, walisema vita inakuja na huyu anafanya taratibu. Mjomba hakujibu. Walifanya hivyo siku nne.

"Nkambo hakuanguka hata mara moja," mzee alisema. "Mwana, anayebebwa hana freni mkononi. Hana gazi. Hana ambreyaje. Ana wewe tu. Na yule aliyekimbia vita amekwisha kuanguka mara nyingi kabla ya kukufikia."

Kijana hakuwa na la kusema. Alifungua bido akamwaga maji yaliyobaki kwenye mchicha wa mzee.

Kwenye parkingi wenzake waliona mabadiliko kabla ya yeye kuyasema. Pikipiki nyekundu ilikuwa kimya. Walimcheka kwanza: mwenzetu amekuwa padri. Wateja wengine, hasa vijana, walimpita wakaenda kwenye kelele. Siku fulani alipeleka verseme na kubaki na sifuri. Kulikuwa na jioni alipofikiri kwamba ufundi wa mzee ni wa watu wasiodaiwa. Kisha aliona jambo dogo. Chupa ya esanse aliyonunua kwa Kadafi wa barabarani ilikuwa inafika mbali zaidi. Ile aliyokuwa anaiunguza akisimama, kwa ajili ya sauti tu, ilibaki kwenye tangi. Na motere hizi hupozwa na upepo wa mwendo. Ukiipigia gazi imesimama, unaipa joto bila upepo. Halafu mwalimu mmoja mwenye mgongo mbaya alianza kumtafuta. Halafu wamama wanaokwenda kliniki. Hawakumsifu. Walisema tu: "Twende na huyo."

Mvua zilikuja zikaenda, na kipwa kingine kikafika. Asubuhi moja mtoto wa kiume alifika kwenye parkingi kwa kinga, akauliza pikipiki nyekundu ni ipi. Alitumwa kutoka kijiji kile cha njia ya Sandoa. Mama ni mjamzito wa miezi minane, anatakiwa hospitali kuangaliwa, na amesema aje yule.

Kijana alikwenda. Mkono wa Mama ulikuwa umepona, ila kiganja hakikunyooka sawasawa. Alimkalisha, akamwambia ashike chuma cha nyuma kwa mkono mzuri, akampa kofia aliyoiazima kwa mwenzake. Hakupiga gazi. Waliondoka kwa ambreyaje, kama mtu anayesukuma mlango wa chumba ambamo mtoto amelala.

Juu ya mteremko alisimama. Alikuwa amekwisha kushusha vitesi, kila kitu kilikuwa tayari. Nyuma yake Mama alisema: "Nishushe."

Alimshusha. Hakusema kwamba amejifunza, hakusema habari ya bido. Mama aliteremka kwa miguu, mkono mmoja juu ya tumbo, pembeni ya njia ambako mchanga ni mgumu kidogo. Kijana alishuka peke yake kwenye vitesi ya kwanza, motere ikimshika, akazima pikipiki darajani akangoja. Ilichukua dakika nyingi. Mama alipofika alipumzika kidogo, akapanda tena, wakaendelea mpaka Kasaji.

Ndivyo ilivyokuwa safari ile, na nyingine baada yake. Kila mara juu alisimama, kila mara Mama alishuka. Hawakulizungumza.

Safari ya tatu ilikuwa usiku kabla ya mapambazuko. Yule mtoto alikuja kugonga mlango wa kijana nyumbani kwake. Mama alikuwa na uchungu. Kijana alimbeba, shemeji akapanda pikipiki nyingine iliyofuata nyuma. Juu ya mteremko, kwa mwanga wa taa ya mbele, kijana alipunguza, akagusa gazi kidogo, akashusha vitesi, akasimama na kuweka mguu chini kama kawaida.

"Kwa nini umesimama?" Mama aliuliza.

"Ili ushuke, Mama."

Mama alinyamaza kwanza. Maumivu yalikuja, yakapita. Kisha akasema: "Teremka. Lakini teremka kama vile nimo."

Waliteremka. Motari wa nyuma anasema hakusikia motere ikibadilisha sauti hata mara moja, kutoka juu mpaka darajani. Walifika hospitali kabla ya jua kutoka.

Kijana angali kwenye parkingi ile ile, na pikipiki bado si yake. Vijana wapya wamekuja na wanapiga gazi kuliko yeye wakati wake. Wawili kati yao jioni wanaonekana kiwanjani na bido ya njano nyuma. Na ye yote anayepanda pikipiki nyekundu kwa njia ya Sandoa anajua kwamba juu ya mteremko atasimamishwa na kuulizwa swali moja: utashuka kwa miguu, ama tutashuka pamoja? Anayechagua miguu hangojwi kwa hasira. Darajani atakuta pikipiki imezimwa, na motari amekaa, anaangalia maji.